Msitu wa Mtaa ni wa Nani? Majibu kwa Barua za Wasomaji

Tangu mvua za masika zikatike, barua kuhusu misitu midogo iliyobaki katikati ya makazi zimeongezeka mezani kwetu, na nyingi zinatoka sehemu za Dar es Salaam ambazo kizazi kimoja tu kilichopita zilikuwa mashamba ya mikorosho na miembe: Goba, Kimara, Pugu, Mbweni, na ng'ambo ya Kigamboni. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu inabeba swali ambalo wenzake wamelipita juu juu, yaani msitu huo ni wa nani, na asiyejua jibu lake atafyeka, atapanda na atalinda kwa hasara. Majina ya walioandika na ya mitaa yao nimeyaacha.

Shikamoo, mzee wa safu hii. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya mazingira katika mtaa mmoja wa Wilaya ya Ubungo. Viwanja vilipopimwa kilibaki kipande cha msitu cha kama ekari nane, kinachoteremka hadi mtoni. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa, na kwetu vijiji vina misitu yao ya hifadhi, wanavuna kwa mpango na fedha inabaki kijijini. Tuliomba nasi tutangaze hifadhi ya mtaa, ofisa wa halmashauri akatuambia mtaa hauwezi. Je, ni kweli, au tunazungushwa?

Marahaba, Ndugu Mwenyekiti. Hamzungushwi. Ofisa huyo amewaambia kweli, ila amewaacha njiani, maana baada ya kusema lisilowezekana alipaswa kuwaeleza linalowezekana.

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inagawa misitu yetu katika makundi manne: ya serikali kuu, ya serikali za mitaa, ya vijiji, na ya watu binafsi. Kundi la vijiji ndilo ulilokulia, nalo limesimama juu ya jambo ambalo mtaa wa mjini haunalo. Kijiji kilichosajiliwa kina halmashauri inayotambuliwa kisheria kama mtu kamili, inayoweza kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa, na kina ardhi inayosimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Mkutano mkuu wa kijiji ukiridhia, msitu unakuwa hifadhi ya kijiji. Mtaa ni ngazi ya utawala ndani ya manispaa. Una mwenyekiti, una mtendaji, una kamati na mkutano wake, lakini hauna ardhi iliyo yake. Na neno "serikali za mitaa" lililomo kwenye sheria lisiwapoteze, kwa kuwa humaanisha halmashauri, si ile ofisi ya mtaa iliyo jirani na genge la nyanya ambako watu hupeleka barua za utambulisho.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji panga wala mche. Nendeni idara ya ardhi na mipango miji ya manispaa, muombe kuoneshwa ramani ya mipango miji ya eneo lenu, kisha mtazame kipande hicho kimeandikwa nini. Kikiwa kimeandikwa eneo la wazi, matumizi yake yanalindwa na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, na hakuna mwenyekiti wa mtaa wala diwani mwenye mamlaka ya kukikata viwanja kwa mdomo wake. Kikiwa ni bonde la mto, Sheria ya Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na huenda zaidi ya nusu ya ekari zenu nane imo humo tayari bila ninyi kujua. Jibu la tatu ndilo watu wanaloliogopa: kwamba ni kiwanja cha mtu, ambaye hajajenga kwa sababu ya mteremko. Hilo nalo ni heri kulijua mapema. Nimewahi kuona kikundi kilichopalilia miche kwa misimu miwili, kikaamshwa asubuhi moja na tingatinga la mwenye hati, wala mwenye hati hakuwa na kosa lolote.

Baada ya ramani, tembeeni mpaka. Nalisema hili kwa mkazo, kwa sababu misitu ya mjini huliwa kutoka pembeni. Atakayeingia katikati mchana kweupe na shoka ataonekana, lakini ukuta unaosogea hatua mbili kila mwaka hauonwi na mtu. Miaka kadhaa iliyopita niliambatana na wakazi wa mtaa mmoja wa pembezoni mwa jiji waliokuwa wakitafuta vigingi vya upimaji. Tulipata vitatu kwa urahisi. Cha nne tulikitafuta tangu asubuhi hadi adhuhuri, mpaka mtoto wa darasa la tatu akatuonesha: kilikuwa ndani ya banda la kuku, kimegeuzwa kilingo cha beseni la maji ya kunywa, zege lake limeng'aa kwa kukanyagwa na miguu ya kuku. Mwenye banda, mama mtu mzima, alikuwa amelikuta jiwe hilo pale pale aliponunua eneo, wala hakujua ni nini. Hapakuwa na ugomvi. Banda lilisogezwa, majirani wote wa upande ule wakaweka saini kwenye muhtasari, na mtendaji akaugonga muhuri. Laiti wangeanza kwa kupiga kelele za "mvamizi", pengine shauri lingekuwa mahakamani hadi leo.

Mkishakuwa na ramani na mpaka, hapo ndipo mlango unapofunguka. Msitu ukithibitika ni wa halmashauri, sheria ile ile ya 2002 inaruhusu usimamizi wa pamoja: mwenye msitu anabaki kuwa mwenye msitu, na kikundi cha wananchi kinakabidhiwa kazi na haki zilizotajwa kwa maandishi. Kamati ya mtaa peke yake haitoshi kutia saini, kwa hiyo undeni kikundi chenye katiba na mkisajili kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Makubaliano yaeleze mpaka kwa vipimo, kazi ya kila upande, vitu mnavyoruhusiwa kuchukua na visivyoruhusiwa, mapato yatagawanywaje kama yakiwapo, na namna ya kuachana endapo upande mmoja utashindwa. Kipengele hicho cha mwisho watu hukiona kama uchuro, lakini makubaliano yasiyo na mlango wa kutokea huvunjwa kwa dirishani. Na ombeni halmashauri ianze utaratibu wa kulitangaza eneo kuwa hifadhi yake rasmi, ingawa hilo lina safari ndefu na linahitaji diwani mwenye pumzi.

Sasa kuhusu Kilwa. Fahari yako ina msingi: mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilikuwa miongoni mwa vya kwanza Afrika kuvuna msitu wa asili wa jamii kwa cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, na mpingo wao ukapata soko la watengenezaji wa ala za muziki. Kabla ya hapo, kule Duru-Haitemba wilayani Babati, vijiji vinane vilikataa msitu wao usitwaliwe na serikali, na katikati ya miaka ya 1990 vikaachiwa kuusimamia vyenyewe, miaka kadhaa kabla ya Sera ya Misitu ya 1998 kulikubali jambo hilo na sheria ya 2002 kulipa nguvu. Lakini wale wana maelfu ya hekta. Ekari zenu nane hazitawapa mbao za kuuza hata mkisubiri hadi wajukuu waoe. Zitawapa kivuli, mteremko usioporomoka wakati wa masika, na maji yanayofika mtoni yakiwa yamepungua kasi, jambo ambalo wakazi wa Jangwani, wanaopokea kila kinachoteremshwa na Mto Msimbazi kutoka vilima vya Pugu, wangewaeleza thamani yake vizuri kuliko mimi. Anayejiunga na kikundi chenu kwa kutarajia gawio mwambieni mapema, aondoke kwa amani.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi upande wa Pugu. Kikundi chetu cha akina mama kinafanya usafi kwenye msitu wa mtaa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tunafagia majani yote, tunayachoma, na tumefyeka vichaka hadi pamekuwa peupe kama uwanja wa shule. Lakini mwaka huu miti mingi midogo imekauka, na kuna mkenge mkubwa unapukutisha majani. Tumekosea wapi?

Mama, mmekosea kwenye ufagio. Moyo mlio nao ni wa kupigiwa mfano, ila msitu si uani.

Fanya jaribio hili dogo. Nenda sehemu ambayo hamjawahi kufagia, piga goti, na uparue kwa vidole. Utakuta kwanza majani makavu yanayokatika kwa mlio. Chini yake majani laini, yenye unyevu, yaliyotobokatoboka na kushikamana kwa nyuzi nyeupe za ukungu. Chini zaidi kitu cheusi kinachonuka kama udongo wa mvua ya kwanza, chenye jongoo na minyoo. Na chini ya hapo ndipo uanze mchanga wetu wa pwani. Kisha rudi pale mlipofagia uparue tena. Utakuta mchanga moja kwa moja, moto, na hauna kitu ndani yake. Ule weusi mwembamba ndio ghala la chakula la miti yenu. Mchanga wa pwani hauna uwezo wa kushika maji wala rutuba kwa muda mrefu, na mizizi laini ya miti hujazana palepale juu ambapo majani yanaoza. Mlipoyaondoa mliinyang'anya miti sahani, na mlipoyachoma mliichoma na mizizi iliyokuwa ikila.

Huo mkenge usiukatie tamaa. Acheni kufagia, rudisheni majani chini yake, msiyalundike kwenye shina, na msipalilie kwa jembe ndani ya eneo linalofunikwa na matawi yake. Masika ijayo itaonesha kama umepona.

Usafi uendelee, lakini ubadilike sura. Okoteni chupa, nepi, viatu, nyaya na mifuko, ambayo licha ya marufuku ya tarehe 1 Juni 2019 bado tunaikuta imenasa kwenye miiba. Fagieni njia za miguu pekee. Matawi yaliyoanguka ndani ya msitu yaacheni yaoze. Shina lililolala ni nyumba ya wadudu, mijusi na uyoga, na mti mkavu uliosimama mbali na njia ni kiota cha gogota na hondohondo. Mti mkavu unaoegemea njia au nyumba ya mtu ni habari nyingine: huo uangushwe kwa idhini ya ofisa misitu na mtu anayejua kuuangusha, wala si vijana watano wenye kamba moja.

Na kama mikono bado inawasha kufyeka, kipo kichaka kinachostahili. Ni lantana, chenye maua madogo yaliyochanganya waridi na njano, majani yanayokwaruza na kunuka yakisuguliwa, na matunda meusi ambayo ndege huyapenda na kuyasambaza. Asili yake ni Amerika ya tropiki, na kikiachwa hufunga ardhi yote mche wowote usiote. Kukifyeka kwa panga ni kukipogolea. Kitarudi na matawi matatu badala ya moja. Kingojeeni mvua ilegeze udongo, mking'oe na shina lake, mkining'inize mizizi juu kikauke. Fanyeni kipande kidogo kwa wakati mmoja na kurudia palepale baada ya miezi mitatu. Kikundi kinachong'oa ekari nzima kwa siku moja na kupiga picha hukuta mwakani ekari nzima ya lantana changa.

Sisi ni vijana wa Kigamboni. Mfadhili ametuahidi miche 500 ya mikaratusi na miashoki ya kupanda kwenye msitu wetu wa asili siku ya upandaji miti. Tuipokee?

Mpokee kwa shukrani, mkaipande kwingine. Miashoki ipangeni kando ya uzio wa shule kama uongozi unaitaka. Mikaratusi hunywa maji mengi na hukua haraka, kwa hiyo inafaa kwenye shamba la nguzo na kuni, haifai ndani ya msitu wa asili wala karibu na chanzo cha maji. Hata mwarobaini, ambao sote tunaupenda kwa dawa yake, msiuingize humo. Ndege humeza matunda yake na kuueneza kila pembe, na kwenye misitu ya pwani umekuwa mgeni asiyeaga.

Kabla ya kupanda chochote, zungushieni sehemu moja tupu kwa miiba mbuzi wasiingie, mkae msimu mmoja mtazame kitakachoota chenyewe. Mara nyingi msitu una mbegu zake ardhini na machipukizi kwenye visiki, na kinachoota bila kualikwa hakihitaji kumwagiliwa. Palipobaki uwazi, kusanyeni mbegu kutoka kwenye miti mama iliyomo humo humo. Mkwaju hauna makuu: loweka mbegu usiku mmoja, panda kwenye viriba. Mkongo nao utaufurahia kwa macho, maana mbegu yake ni nyeusi inayong'aa na imevaa kofia ya rangi ya chungwa. Vua kofia hiyo kabla ya kupanda. Mninga na mpingo ni ya wenye subira. Mninga ni mgumu kuota hata kwa wataalamu wa vitalu, na mpingo mliopanda leo utakuwa mti wa kuzungumziwa mkiwa na mvi, lakini michache ipandeni.

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili, inaangukia vizuri kwa pwani kwa kuwa masika huwa yameshika. Tatizo si siku hiyo, tatizo ni Julai. Mche wa Aprili hufika kiangazi ukiwa na mizizi mifupi, na anayeupanda bila kujua nani ataumwagilia Julai hadi Oktoba amezika kiriba tu. Gawaneni: kila kijana miche kumi, si zaidi, yenye namba yake kwenye kibao. Fukieni chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu madogo kando ya kila mche, ijazwe mara mbili kwa wiki. Maji yatashuka kwenye mizizi badala ya kukaushwa na jua. Mhesabu iliyo hai baada ya miezi 12, na hiyo ndiyo idadi mnayopaswa kumpelekea mfadhili. Miche 60 iliyo hai ni habari kubwa kuliko miche 500 iliyopigwa picha.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kutunza msitu, Wilaya ya Kinondoni. Tulikubaliana kila kaya ichange shilingi 2,000 kwa mwezi kwa ajili ya mlinzi. Miezi minne ya mwanzo walichanga, sasa wanasema tunazila. Pia wenzangu wanataka tuwatoze faini wanaokamatwa wakikata miti, ili tupate fedha. Unatushauri nini?

Naanza na faini, kwa sababu ina hatari. Msiwatoze. Kikundi hakina mamlaka ya kutoza faini hata shilingi moja. Faini hutokana na sheria ndogo ya halmashauri, ambayo hupitishwa na madiwani na kuidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, au hutolewa na mahakama. Nayo hulipwa serikalini kwa stakabadhi, haiingii kwenye mfuko wa shati la mlinzi. Mkimnyang'anya mtu panga na elfu ishirini gizani, mbele ya sheria mmemwibia. Mkimpiga, mtasahaulika kuwa mlikuwa walinzi wa msitu. Aliyekamatwa apelekwe kwa mtendaji wa mtaa pamoja na kielelezo, au polisi aitwe, na mambo yaandikwe.

Kuandikwa ndiko kutakakorudisha na michango yenu. Nunueni daftari kubwa lenye jalada gumu, liwe la doria, na kila zamu ijaze mistari michache. Mfano wa mistari inayofaa ni huu: "Jumanne, saa 11:40 jioni. Tumeingia wawili kwa upande wa mtoni. Mkenge wa karibu na daraja la magogo umebanduliwa gome upande mmoja, kidonda kibichi, urefu wa mkono. Hatukukuta mtu. Tumemwarifu mwenyekiti." Mistari kama hiyo ikirundikana kwa miezi sita, inaanza kusema yenyewe. Mtagundua kwamba gome hubanduliwa siku fulani, kwamba kuni hukatwa zaidi bei ya mkaa inapopanda, kwamba mtu huingia kwa njia ileile moja. Pengine mtagundua hamhitaji mlinzi wa mwezi mzima bali wa saa mbili tu za jioni, na mchango ukapungua kwa haki.

Kuhusu tuhuma, mama au baba mweka hazina, usizijibu kwa hasira. Wananchi wa jiji hili wamechangia mambo mengi ambayo hawakuona mwisho wake, na shaka yao wameirithi. Fedha ikae benki au kwenye akaunti ya kikundi ya simu, saini ziwe tatu, na anayeshika fedha asiwe ndiye anayenunua vitu. Taarifa isomwe kwenye mkutano wa mtaa na karatasi ibandikwe ofisini: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Isomeni hata mwezi ambao kilichoingia ni sifuri. Na tafadhali mchango wa tatu msiununulie fulana zenye nembo. Nimeona vikundi vyenye fulana nzuri na fyekeo moja lenye mpini uliovunjika.

Mkitaka kipato, kitalu cha miche ndicho chenye uhalisia mjini, kwa sababu mteja wenu yuko mlangoni. Kikundi kilichosajiliwa cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mizinga ya nyuki nayo inawezekana, ila si kwenye msitu mdogo uliozungukwa na nyumba na wanafunzi wanaopita. Nyuki wetu hawana utani.

Msitu wa mtaa wetu umekuwa maficho ya vibaka, na wiki iliyopita binti alinyang'anywa simu. Wazazi wanataka ufyekwe wote. Mimi sitaki, lakini sina la kuwajibu.

Usiwajibu kwa kuwaeleza faida za miti. Mzazi ambaye mwanawe amekabwa hasikilizi habari za hewa safi, na ana haki. Wapelekee mpango wa njia.

Kibaka hahitaji msitu wote. Anahitaji kona moja ambayo humwoni mpaka umfikie. Tembea na wazazi hao hao njia nzima, asubuhi na tena jioni, mkiweka alama kila mahali ambapo mtu aliyechuchumaa hataonekana. Kisha fyekeni vichaka mita tatu kila upande wa njia, pogoeni matawi ya chini ya miti mikubwa hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu, na njia yenye kona kali inyoosheni. Njia za panya zizibwe kwa miiba ibaki moja au mbili, maana njia moja yenye watu wengi ni salama kuliko sita zenye mtu mmoja mmoja. Ombeni taa kwenye milango miwili ya njia, na polisi jamii wapangiwe saa ya wanafunzi kurudi, siyo saa sita usiku. Ufyekaji huo lazima urudiwe baada ya masika na baada ya vuli, kwa sababu vichaka vya pwani havina aibu.

Kuufyeka wote hakutawaondoa vibaka, kutawaondolea tu majani. Uwanja mtupu mjini haukai mtupu; kwanza litakuja dampo, kisha kibanda, kisha ukuta, na vichochoro vya nyuma ya ukuta havipogolewi. Ukiwaeleza wazazi hilo, waeleze mbele ya njia iliyokwisha kusafishwa, si kabla.

Tunaishi Mbweni, kuna mikoko ufukweni inakatwa usiku. Je, kikundi chetu kinaweza kuisimamia kama msitu wa mtaa?

Mikoko ni msitu wa hifadhi wa serikali kuu, iwe imeota mbele ya hoteli au nyuma ya uzio wa mtu, nayo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kwa hiyo makubaliano yenu ya kuilinda na kupanda palipokatwa mtayafanya nao, siyo na manispaa peke yake. Kwa sasa hesabuni visiki vibichi wakati wa maji kupwa, pigeni picha mchana, andikeni tarehe na mahali, na mpeleke barua ofisini kwao huku nakala ikienda kwa mtendaji wa kata. Na msiwafuate wakataji usiku, kwa kuwa wengi huja na ngalawa na kuondoka na maji.